Hodi Isiyokoma: Programu za Kupakua Video na Haki ya Mlaji ya Kukataa

(Mada iliyotolewa kwa wawakilishi wa vikundi vya walaji katika maadhimisho ya Siku ya Haki za Mlaji Duniani, 15 Machi)



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia kero ambayo ni nadra kufika mezani kwetu kwa maandishi. Kwa kawaida hutajwa mwishoni, mlalamikaji akiwa amekwisha kueleza jambo kubwa lililomleta na sasa anainuka kuondoka: “Na ile programu ya kupakulia video nayo inanisumbua sana.” Kisha hucheka, kana kwamba anaona haya kulitaja. Naomba leo tusicheke. Tulitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu ndani yake yamo mambo matatu ambayo sheria za kumlinda mlaji zimekuwa zikiyashughulikia tangu zamani: fedha yake, ridhaa yake, na haki yake ya kusema hapana akasikilizwa.

Nianze kwa kuzitendea haki programu zenyewe. Zina manufaa, tena makubwa. Mlaji wa nchi yetu hununua intaneti kwa vifurushi, na video ya saa moja yenye picha safi inaweza kumaliza zaidi ya gigabaiti moja. Mwalimu wa biolojia anayetaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi moyo unavyosukuma damu, akiwa na mikondo minne ya kidato cha pili, hawezi kuitazama video hiyo mtandaoni mara nne na kuilipia mara nne. Ataipakua mara moja, pengine usiku wakati kifurushi ni nafuu, ataiweka katika kompyuta, na kesho hata mtandao ukikatika somo litaendelea. Ndivyo wafanyavyo viongozi wa kwaya wanaojifunza wimbo, mafundi wanaorudia hatua ya kufungua injini, na wazee wetu wanaopenda kusikiliza mawaidha bila kungoja mtandao utulie. Kwa hiyo sikuja hapa kuwaambia watu waache kupakua video, wala sitawalaumu wanaozitumia programu hizi.

Hata hivyo, si kila video inaruhusiwa kupakuliwa. Masharti ya matumizi ya YouTube, kwa mfano, hayaruhusu kupakua isipokuwa pale huduma yenyewe inapotoa kitufe cha kufanya hivyo au pale ruhusa inapotolewa, na kazi za wasanii wetu zinalindwa na sheria ya hakimiliki. Zipo video ambazo wenyewe wameziachia zisambae, na ipo njia rasmi ya kuhifadhi video ndani ya programu ya huduma husika ili kuitazama bila mtandao. Njia hiyo ikikutosha, itumie, kwani itakuepusha na karibu yote nitakayoyaeleza hapa. Sitakaa hapo sana, maana mada yangu ni muuzaji wa programu na namna anavyomtendea mteja wake.

Wakati wa kuandaa mada hii nilichukua kompyuta ya ofisi isiyokuwa na taarifa za mtu yeyote, nikasakinisha moja baada ya nyingine programu kadhaa za kupakua video zinazotangazwa kuwa za bure. Sitazitaja majina, kwa kuwa nilizijaribu ili kujifunza mwenendo wa soko, na mwenendo wenyewe ulikuwa karibu mmoja kwa zote. Ngoja niwatembeze hatua kwa hatua.

Kwenye ukurasa wa kuipata programu, nilikuta vitufe vikubwa vya kijani vilivyoandikwa “Pakua”. Kimoja tu kilikuwa cha kweli, nacho kilikuwa kidogo kuliko vyote. Vingine vilikuwa matangazo ya bidhaa nyingine yaliyovalishwa sura ya kitufe. Nilipokipata kile cha kweli na kuanza kusakinisha, niliulizwa kama nataka njia ya haraka “inayopendekezwa” au njia ya kuchagua mwenyewe. Maandishi ya njia ya pili yalififizwa rangi hata yakaonekana kama hayabonyezeki, ilhali yanabonyezeka. Ndani yake ndimo vilimokuwa visanduku vilivyokwisha kutiwa tiki kwa niaba yangu: kubadilisha ukurasa wa kwanza wa kivinjari, kuongeza programu ya kusafisha kompyuta, kukubali kupokea ofa. Anayechagua njia ya haraka hupewa vyote hivyo bila kuviona.

Kazi yenyewe ya kupakua programu ziliifanya vizuri. Hilo lazima nilikiri, na ndilo linaloudhi zaidi. Video ilikuja kamili, sauti haikupishana na picha. Lakini kabla haijaanza kupakuliwa lilijitokeza dirisha la kunishauri ninunue toleo la kulipia. Ilipofika nusu likaja jingine likisema kasi imepunguzwa kwa sababu natumia toleo la bure. Ilipokamilika likaja la tatu, lenye saa inayorudi nyuma, likidai kwamba punguzo litakwisha baada ya dakika chache. Niliiacha saa ile ikafika sifuri. Nikaifunga programu, nikaifungua tena, na saa ikaanza upya na punguzo lilelile. Huo si ukali wa biashara tena, ndugu zangu. Kumwambia mtu kwamba bei nafuu inakwisha ilhali haikwishi ni kumdanganya.

Katika baadhi ya madirisha hayo sikuliona neno “hapana”. Palikuwa na kitufe kikubwa cha kununua, na chini yake mstari mwembamba wenye maana kama hii: “Sihitaji, naridhika kupoteza muda wangu.” Mlaji analazimishwa ajitukane ili akatae. Mbinu za namna hii zimepata kuchunguzwa na wataalamu. Harry Brignull, msanifu wa kurasa za kompyuta kutoka Uingereza, alianza mwaka 2010 kuzikusanya na kuzipa majina ili watu wazitambue. Mimi napenda kuziita mitego ya usanifu, kwa sababu hazitegemei maneno ya uongo peke yake. Hutegemea rangi, ukubwa wa herufi, mahali kitufe kilipowekwa, na uchovu wa mtu anayetaka tu kumaliza shughuli yake.

Sisi tuna adabu ya hodi. Mgeni hupiga hodi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Asipoitikiwa huondoka, na asiyeondoka majirani humtazama kwa jicho jingine. Muuzaji wa programu ana haki ya kupiga hodi. Ametumia fedha na akili kuitengeneza, na mtu kutangaziwa toleo bora la kitu anachokitumia si dhuluma. Dhuluma huanzia pale jibu la mwenye nyumba linapokuwa halina uzito, likiulizwa kesho na keshokutwa mpaka achoke na kufungua mlango.

Wapo watakaosema kwamba programu ya bure haina budi kumsumbua mtu, kwa kuwa mtengenezaji naye anakula. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Programu ya kuchezea video iitwayo VLC inasimamiwa na shirika lisilo la faida la Ufaransa, ni ya bure, na haina matangazo. Youtube-dl, iliyoanza mwaka 2006, ilitengenezwa na watu wa kujitolea na haimsukumi mtu kununua chochote, ingawa kuitumia kunahitaji kuandika amri kwa mkono, jambo linalowashinda wengi. Hiyo nayo ilipata misukosuko ya aina nyingine: Oktoba 2020 iliondolewa kwa muda katika tovuti ya GitHub kufuatia malalamiko ya chama cha kampuni za muziki za Marekani, ikarejeshwa mwezi uliofuata. Naitaja ili ieleweke kwamba kuvutana juu ya hakimiliki ni jambo moja, na kumghasi mtumiaji ni jingine. Programu inaweza kufanya kazi yote bila kumghasi mtu.

Sasa niwaeleze kisa kimoja kwa kirefu, kwa kuwa kilifika mbele ya wasimamizi wa sheria na kinatufundisha jinsi kero ndogo inavyogeuka kuwa fedha.

Kampuni ya RealNetworks ya Seattle, Marekani, ilianzishwa mwaka 1994 kwa jina la Progressive Networks. Ilikuwa miongoni mwa za kwanza kumwezesha mtu kusikiliza sauti kupitia intaneti, na programu yake, RealPlayer, ilienea duniani. Wenzangu waliotumia kompyuta za vibanda vya intaneti miaka ile wataikumbuka. Toleo la 11, lililotoka mwaka 2007, lilikuwa na kitu ambacho watu walikitamani: kitufe kilichojitokeza pembeni mwa video ndani ya kivinjari, ukikibonyeza unaipakua. Kwa manufaa, lilikuwa toleo zuri.

Januari 2008, StopBadware, mradi uliohusisha vituo vya utafiti vya vyuo vikuu vya Harvard na Oxford, ulitangaza kwamba matoleo mawili ya RealPlayer hayakidhi viwango vyake vya uaminifu. Kuhusu toleo la 10.5, ulisema halikumweleza mtumiaji kikamilifu kwamba sehemu iliyoitwa kituo cha ujumbe ingemletea matangazo. Kuhusu toleo la 11, ulisema lilisakinisha programu nyingine bila kumjulisha mwenye kompyuta, na kwamba programu hiyo ilibaki hata baada ya RealPlayer kuondolewa. Tazameni jambo hilo la pili. Mgeni ameaga, mmemsindikiza hadi barabarani, mnarudi ndani mnamkuta mwenzake amelala sebuleni.

Jambo halikuishia hapo. Mwaka 2012 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Washington alifikia makubaliano na kampuni hiyo baada ya malalamiko ya walaji waliojikuta wakitozwa ada za kila mwezi za huduma ambazo hawakujua wamejiunga nazo. Kiini cha madai kilikuwa kisanduku kilichotiwa tiki mapema wakati mtu anapakua programu au ananunua kitu kingine, pamoja na majaribio ya bure yaliyogeuka malipo. Kampuni ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 2, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitengwa kuwarudishia walaji. Kisanduku kimoja kidogo, ndugu zangu, ambacho mtu hakukigusa kabisa! Na Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la kampuni ya Planet49 lililohusu ufuatiliaji wa watu mtandaoni, ilisema wazi kwamba kisanduku kilichokwisha kutiwa tiki hakiwezi kuhesabiwa kuwa ridhaa. Ridhaa hutolewa kwa kutenda.

Nimetoa mfano wa kompyuta, lakini najua wengi wetu hapa kompyuta yetu ni simu. Huko kuna hatari iliyo kubwa zaidi kwa sababu haionekani. Duka la programu la Google halikubali programu zinazopakua video kutoka YouTube, kwa hiyo nyingi za namna hiyo huchukuliwa nje ya duka, katika tovuti mbalimbali au kwa kurushiana simu kwa simu. Mwaka 2019 kampuni ya usalama wa simu iitwayo Upstream ilitoa taarifa mbili, moja kuhusu programu ya VidMate na nyingine kuhusu Snaptube, zote maarufu kwa kupakua video. Ilidai kwamba programu hizo zilikuwa zikibofya matangazo chinichini na kuwaandikisha wenye simu katika huduma za kulipia bila wao kujua, huku zikimaliza vifurushi vyao. Watengenezaji walikana kukusudia hayo, na wale wa Snaptube waliitupia lawama sehemu ya programu iliyotengenezwa na kampuni nyingine. Sisi hatuwezi kuamua hapa nani alisema kweli. Lakini kwa mlaji mwenye salio la shilingi elfu moja, swali la nani alaumiwe huja baada ya salio kwisha.

Sheria zetu zinasemaje? Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kupotosha na maelezo ya uongo kuhusu bei na manufaa ya bidhaa. Ile saa ya punguzo inayoanza upya inagusa hapo moja kwa moja. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inashughulikia matangazo ya biashara yasiyoombwa: mlaji awe ameridhia, mtumaji ajitambulishe, na iwepo njia ya kuyakataa yasiendelee kuja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawabana wanaokusanya majina, namba na mienendo ya watu. Programu ya kupakua video inayotaka kusoma orodha ya namba za simu yako inapaswa kuwa na sababu ya kufanya hivyo, na mimi sijapata kuiona sababu hiyo.

Lakini nitakuwa sijawatendea haki nikiishia kwenye sheria. Wengi wa wauzaji hawa hawana ofisi hapa nchini, na wengine hawajulikani walipo. Barua yetu inaweza kuwafikia na isijibiwe. Ndiyo maana kinga iliyo bora ni ile inayowekwa kabla fedha haijatoka, na katika hilo mlaji ana uwezo kuliko sisi.

Chukua programu kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe au duka rasmi. Usichague njia ya haraka unaposakinisha. Pitia ile ya kuchagua mwenyewe na ondoa tiki usizoziweka wewe. Kivinjari kikikuuliza kama tovuti fulani ikutumie arifa, jibu ni hapana, kwani arifa nyingi za “simu yako ina virusi” huanzia katika ruhusa hiyo moja iliyotolewa kwa haraka. Programu ikiomba ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi au kupiga simu, inyime, na ikigoma kufanya kazi, iondoe.

Ukiamua kununua toleo la kulipia, na si kosa kununua kitu kinachokufaa, tafuta kwanza kama malipo ni ya mara moja au ni usajili unaojirudia. Neno hilo huandikwa kwa herufi ndogo karibu na bei. Usitumie kadi iliyounganishwa na akaunti yenye mshahara wako. Baadhi ya huduma za fedha kwa simu hutoa kadi ya mtandaoni unayoiwekea kiasi unachotaka, na muuzaji akirudi mwezi ujao kuchukua tena atakuta hakuna kitu.

Nisisitize jambo moja ambalo watu wengi hawalijui: kuifuta programu katika simu hakusitishi usajili. Malipo huendelea hata kama ile picha ndogo imetoweka kwenye skrini. Kwa simu za Android, fungua duka la Google, gusa picha yako, ingia sehemu ya malipo na usajili, na usitishe huko. Kwa iPhone, ingia katika mipangilio, gusa jina lako, utakuta sehemu ya usajili. Kama ulilipa kwa kadi katika tovuti ya muuzaji, itakubidi usitishe kwenye tovuti hiyohiyo, na akikuzungusha, iarifu benki yako izuie malipo yake. Kwa waliokatwa salio la simu, wa kwanza kupigiwa ni mtandao wenu wa simu: ombeni orodha ya huduma mlizoandikishwa, mziondoe, na mtake namba ya kumbukumbu ya malalamiko. Mtoa huduma asipolishughulikia, leteni kwa mdhibiti mkiwa na namba hiyo.

Mkija kwetu, leteni ushahidi. Piga picha ya skrini ya lile dirisha linalokusumbua, hasa bei na saa ya punguzo vikionekana. Hifadhi ujumbe wa malipo. Andika tarehe, jina kamili la programu na mahali ulipoipata. Lalamiko lisemalo “inanisumbua” tutalisikiliza kwa heshima, lakini hatutaweza kufika nalo mbali. Lenye picha tatu na tarehe tunaweza kulipeleka kwa duka la programu, kwa benki, au kwa wadhibiti wenzetu wa nchi ambako muuzaji yupo, na malalamiko ishirini yanayofanana yana nguvu ambayo moja halina. Ndiyo maana nawasihi msione haya kutuletea jambo mnaloliita dogo.

Fomu zipo kwenye meza iliyo karibu na mlango, na hakuna ada ya kuzijaza. Aliye na simu yenye tatizo hili sasa hivi asiifute programu kwanza, kwani tutapoteza ushahidi. Wenzangu wawili wamekaa upande wa dirishani; watasaidia kupiga picha za skrini, kisha kusitisha usajili, kisha kuiondoa programu, kwa utaratibu huo. Sasa nipo tayari kwa maswali.